Koti la sukari la kampilobakta: maswali kutoka jikoni Lamu

Tunaambiwa kuna bakteria wanaojivika sukari. Ni sukari hii ya chai?

Sivyo. Ni minyororo mifupi ya sukari za aina nyingine, ambazo bakteria huziunda mwenyewe na kuzibandika kwenye protini zake za nje. Kuacha halwa hakumvui koti hilo. Tunayemzungumzia hapa ni kampilobakta, anayeishi utumboni mwa kuku na kuwaharisha watu. Zamani wataalamu wengi waliamini kwamba bakteria hawana ufundi huu. Ilipofika 1999 ikaripotiwa kuwa kampilobakta anao mtambo wake kamili. Mnyororo wake mmoja una sukari 7, na huupachika kwenye protini zaidi ya 60.

Koti hilo linamfaa nini?

Kwanza, kuogelea. Kampilobakta amejipinda kama parafujo na ana mkia kwenye ncha zake. Mkia huo ni protini moja iliyopangwa maelfu kwa maelfu, nayo hupakwa sukari ya namna nyingine. Jeni za sukari hiyo zikiharibiwa maabara, mkia haujengeki kabisa. Bila mkia hawezi kuupenya ute mzito unaolinda ukuta wa utumbo, na hapo ugonjwa umekwama kabla ya kuanza.

Wale walionyimwa mnyororo wa sukari 7 huwa na shida nyingine: hushika seli za utumbo kwa udhaifu, na wakipewa vifaranga hushindwa kuweka makao. Tena utumbo umejaa vimeng'enya vya kukatakata protini. Sukari huvizuia visifike kwenye protini za kijidudu.

Kuku wa kienyeji yu salama zaidi?

Usimtegemee. Mwili wa kuku yeyote una joto la nyuzi 41 hadi 42, na kampilobakta hulipenda. Kuku huonekana mzima kabisa.

Basi jikoni tufanyeje?

Kijidudu huyu hazaliani chini ya nyuzi 30, na hewa ya kawaida humdhoofisha. Kwa hiyo mara nyingi hangoji chakula kilale. Hutoka kwenye kuku mbichi na kuingia moja kwa moja kwenye kachumbari. Bakteria 500 hivi wametosha kumwumiza mtu, na tone moja la maji ya kuku laweza kubeba zaidi ya hao. Kata kachumbari na matunda kwanza, yafunike, ndipo umshike kuku. Ubao, kisu na mikono vioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa kingine.

Najua kupika kuku bila kumwosha ni jambo gumu kwetu, lakini maji ya mfereji yakimpiga hurusha matone hadi kwenye vyombo vilivyokauka. Ukiona lazima umwoshe, mtie taratibu ndani ya beseni, umwage maji polepole, kisha usugue beseni kwa sabuni. Ndimu na chumvi huondoa shombo. Usizihesabu kuwa dawa ya vijidudu.

Kuku wa kupaka ndiye wa kuangaliwa sana: makaa huunguza ngozi upesi huku nyama ya mfupani ikibaki nyekundu. Mchemshe aive kwanza, kisha umchome. Ndani kunatakiwa kufika nyuzi 74. Asiye na kipimajoto akate kwenye kiungo cha paja: maji yawe meupe, nyama iachane na mfupa. Maziwa mabichi nayo yachemshwe.

Nikishaugua?

Homa, msokoto wa tumbo na kuhara, pengine damu, huanza siku 2 hadi 5 baada ya kula, na wengi hupona ndani ya wiki. Kunywa ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kuchanganywa na maji. Ikikosekana, lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Hapa sukari ya chai ina kazi kweli, maana huisaidia chumvi na maji kuingia mwilini. Chumvi ikizidi humdhuru mtoto, kwa hiyo pima. Mtoto wa zaidi ya miezi 6 huongezewa zinki miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14.

Usinunue siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria, dukani kwa kubahatisha. Kampilobakta wengi wameizoea. Damu chooni, macho kudidimia, mkojo kukatika au homa kali ni mambo ya hospitali.

Ni kweli kuhara kwaweza kupoozesha?

Kwa nadra, kama mgonjwa 1 katika 1,000. Juu ya mafuta ya ngozi yake, kampilobakta hubeba pia sukari zinazofanana na za mishipa yetu ya fahamu. Kinga ya mwili ikimshambulia, huenda ikaipiga na mishipa hiyo. Ganzi na udhaifu huanzia miguuni, wiki 1 hadi 3 baadaye, na kupanda juu. Ukifika kifuani, pumzi hushindwa. Aliye kisiwani Pate au Ndau na avuke kwenda hospitali siku hiyo hiyo aanzapo kujikwaa.