Mapambo ya vitu chakavu Mtwara na Lindi: yanayosemwa na ukweli wake

Msimu wa korosho ukiisha, Mtwara, Masasi na Nachingwea hubaki na magunia yaliyochanika, maganda ya korosho, mbao za paleti na madumu matupu. Ukiongeza marobota ya mtumba sokoni, tairi zilizolundikwa kwenye gereji na mbao za vyombo vilivyopandishwa ufukweni Mikindani na Kilwa, mtu mwenye mikono ya kazi ana malighafi ya kupamba nyumba nzima. Naipenda kazi hii na natamani wengi waifanye. Ndiyo maana inaniuma kuona inaharibiwa na maneno yanayopokelewa bila kuulizwa, hasa lile la kwamba chochote kikioshwa na kupakwa rangi kimekuwa kipya. Kitu chakavu kimeshafanya kazi nyingine kabla hujakigusa, na kazi ile ya kwanza ndiyo inayoamua kama kinafaa kukaa sebuleni, kinafaa kwa masharti, au hakifai kabisa.

"Gunia ni gunia, wewe kata ushone"

Hili ndilo ninalolisikia zaidi, na limeharibu mito na vitambaa vya meza vingi. Gunia la korosho kwa kawaida ni la juti, mmea unaolimwa zaidi India na Bangladesh. Wengi huliita la katani, ile iliyolimwa kwenye mashamba makubwa ya Lindi, lakini tabia zao hazifanani. Katani ni ngumu na huvumilia maji ya chumvi. Juti ni laini, hukunjika vizuri na hushika rangi kirahisi, ila ikikaa na unyevu huoza, na ikipigwa jua kila siku huwa ya kahawia na kuanza kukatika. Kwa hiyo pazia la juti kwenye dirisha linalotazama magharibi halidumu, na zulia la juti halikai mlango wa bafu.

Kabla ya mkasi, gunia lifumuliwe. Mshono wa mdomoni ni wa mnyororo: ukiipata ncha iliyo upande sahihi, mshono wote unaachia kwa mvuto mmoja, na uzi huo mrefu unafaa kutunzwa kwa kushonea. Ligeuze ndani nje, ulikung'ute nje ya nyumba ukiwa umeziba pua na mdomo, maana vumbi lake ni jingi na linawasha. Liloweke kwenye maji ya vuguvugu na sabuni, lisuuze mpaka maji yatoke safi, kisha lianike penye upepo. Juti hupungua kwa kuoshwa mara ya kwanza. Anayeshona kwanza na kuosha baadaye hupata mto uliopinda pembe zote nne.

Kukata nako kuna namna yake. Rula na chaki hukudanganya, kwa sababu nyuzi za gunia huwa zimevutwa na mzigo zikaenda upande. Chomoa uzi mmoja, uvute polepole huku ukisogeza mikunjo kwa vidole mpaka utoke wote. Unabaki mfereji mwembamba ulionyooka kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Kata humo humo, na upige zigzagi siku hiyo hiyo, kwa sababu ukingo wa juti ukiachwa mpaka kesho umeshafumuka. Kama ni foronya ya mto wa kochi, weka bitana ya shuka la mtumba ndani, vinginevyo unyoya wa juti utawasha kila anayeegemea.

Cha kujazia tunacho: sufi, ile pamba ya mti wa msufi. Ni nyepesi, haishiki maji kirahisi, na zamani ilijazwa kwenye maboya ya kujiokolea baharini. Inashika moto haraka, kwa hiyo mto wa sufi usikae karibu na jiko wala mshumaa.

"Sweta lolote la mtumba linatoa uzi"

Pwani yetu ni ya joto, na masweta hayana wanunuzi wengi kwenye robota. Hiyo ni nafasi nzuri kwa anayefuma vitambaa na vikapu vya ukutani. Lakini geuza sweta uangalie mshono wa ubavuni kabla ya kulipa. Kama kila kipande kilifumwa kwa umbo lake na kuunganishwa, ukifumua unapata uzi mrefu. Kama lilikatwa kwenye kitambaa kikubwa na kushonwa kwa mashine ya kuzuia kufumuka, kila mstari umeshakatwa ubavuni na utapata vipande vifupi visivyofaa kitu.

"Maganda ya korosho yanapendeza kwenye fremu ya kioo"

Umbo lake ni zuri, sikatai. Lakini livunje ganda uangalie: katikati ya ngozi ya nje na ya ndani kuna tabaka lenye vitundu vingi, na humo ndimo ulimo ule utomvu mzito wa kahawia. Una asidi ya anakadi na kadoli, ambazo huunguza ngozi na kuacha malengelenge. Wabanguaji wa Newala na Tandahimba wanaujua vizuri kuliko mtu yeyote. Kuanika juani hakuuondoi. Kuchoma hupunguza lakini hakumalizi, na moshi wake huwasha macho na kifua. Vanishi nayo huja ikapasuka, na mtoto huweka mdomoni kila anachobandua ukutani. Kwangu mimi maganda haya hayana nafasi ndani ya nyumba.

Kifuu cha nazi kinafanya kazi ile ile bila hatari hiyo. Kikwangue nyuzi, kisugue kwa msasa mkavu wa kukwaruza kisha ulio laini, ukipake mafuta ya nazi kidogo, kitang'aa. Na kwa kuwa nimetaja watoto: mbegu nyekundu zenye doa jeusi, mturituri, zisitumike kabisa kwenye mapazia ya shanga. Sumu yake ni kali, na mbegu iliyotobolewa ili ipite uzi ndiyo ya hatari zaidi, kwa sababu ganda gumu lililokuwa likiizuia sumu limeshafunguliwa.

"Dumu la dawa likisuuzwa mara 3 ni salama"

Hapana. Kusuuza mara 3 ni maandalizi ya kulitoboa na kulitupa inavyotakiwa. Halikusudiwi kupewa kazi nyingine. Plastiki hunywa viuatilifu na kuvitoa taratibu. Chupa za dawa za ubwiriunga, ugonjwa wa mikorosho, na za mbu wa mikorosho, mdudu anayeishambulia, zisigeuzwe vazi la maua, taa wala kopo la kalamu za mtoto. Dumu la mafuta ya kula linatosha kwa hayo yote na linapatikana kila mtaa.

"Paleti yenye muhuri imethibitishwa"

Imethibitishwa kwa jambo moja tu. Muhuri wenye shuke la ngano unaonyesha kwamba mbao zilitibiwa ili wadudu wasivuke mipaka ya nchi. HT maana yake kiini cha ubao kilifikishwa nyuzi joto 56 kwa dakika 30 au zaidi. MB maana yake ulifukizwa gesi ya methili bromaidi, na paleti ya namna hiyo ni bora uiache. Muhuri hausemi kitu juu ya mzigo uliopita juu yake baadaye. Paleti unayoitaka iweke juani siku nzima, kisha inamia unuse kwenye nafasi za kati ya mbao. Harufu ya dawa au doa la mafuta lililozama ndani halitolewi na msasa.

Na viti au makabati yenye rangi ya zamani yasisuguliwe makavu sebuleni. Rangi nyingi za zamani zina madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Tumia msasa wa maji, fanyia nje, na ufute kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia.

"Mbao ya chombo imeshakunywa chumvi, mchwa hawaigusi"

Natamani ingekuwa kweli, kwa sababu mbao za ngalawa na mashua kuukuu ni nzuri mno: rangi zimepandana, miti imeiva, na matundu ya misumari yanaonyesha ulipopita mkono wa fundi. Lakini chumvi ya bahari si dawa ya mchwa. Tena huvuta unyevu kutoka hewani, ndiyo maana rafu ya mbao hizo hutoa jasho wakati wa masika na kula misumari yake yenyewe. Zioshe kwa maji baridi ya bomba au kisima mara kadhaa, uzikaushe kivulini ukiwa umeziinua kutoka chini, na utumie skrubu za shaba au misumari ya zinki.

Kuna jambo lingine ambalo wanunuzi wa mjini hawalijui. Sehemu iliyokuwa chini ya maji ilipakwa deheni, yaani mafuta ya mnyama yaliyochanganywa na chokaa, na mbao za juu zilipakwa sifa, yaani mafuta ya papa, na mafuta hayo hukaa ndani ya ubao miaka mingi. Vanishi ikipakwa juu yake haikauki, inabaki ikinata mikononi. Kwangua mpaka ufike kwenye mti wenyewe, kisha jaribu vanishi kwenye kona moja na usubiri siku 2 kabla ya kupaka kote. Ukiona unga laini ukidondoka kwenye vitundu vidogo, ubao huo unabunguliwa bado. Usiuingize ndani penye paa la makuti na milango ya mbao.

"Vya ufukweni havina mwenyewe"

Ghuba ya Mnazi na mdomo wa Ruvuma ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000, kwa hiyo huko suala la mwenyewe limeshajibiwa. Nje ya hifadhi pia, gamba la kasa aitwaye ng'amba liache, na matumbawe yaache. Biashara ya ng'amba kati ya nchi na nchi imekatazwa na mkataba wa kimataifa, na ya matumbawe magumu inahitaji kibali. Kome tupu nazo ni nyumba za kaa wadogo wasio na gamba lao. Chukua zilizovunjika, ambazo kwa fremu na vigae vya ukutani ndizo zenye kona nzuri zaidi.

"Tairi la maua halina madhara"

Homa ya chikungunya ilitambuliwa kwa mara ya kwanza duniani katika mlipuko wa 1952 hapa hapa kwenye uwanda wa Makonde. Anayeieneza ni mbu wa Aedes, anayeuma mchana na kutaga kwenye maji machache yaliyotuama: tairi, kopo, kifuu. Tairi likipakwa rangi ya njano na kuwekwa barazani bado ni mazalia yake. Toboa matundu sehemu ya chini kabisa na ujaze udongo mpaka kwenye mdomo wa ndani. Vyombo visivyotobolewa visitolewe maji tu. Visuguliwe kuta zake kwa brashi, kwa sababu mayai ya mbu huyu hushika ukutani na huweza kukaa makavu kwa miezi yakisubiri mvua.

"Kimepatikana bure, kiuzwe bei ya bure"

Gunia ni rahisi. Msasa, vanishi, gundi, bitana na siku ya kuosha si bure, na nguvu za fundi si bure pia. Mnunuzi anayepunguza bei kwa kusema "lakini hili ni gunia tu" aonyeshwe mshono wa ndani.

"Mlango wa kale unatoa fremu nzuri"

Hili nimeliacha mwisho kwa kuwa lisiporekebishwa hakuna kinachorudi. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inaiweka milango na fremu zilizochongwa hapa nchini kabla ya 1940 kwenye vitu vinavyolindwa. Mlango wa nyumba iliyobomoka Mikindani au Kilwa si shehena ya mbao, na ukikatwa kupata kioo cha sebule au meza ya kahawa, hauungwi tena. Ukiletewa kipande, usinunue, na aliyekuletea mwambie akipeleke kwa maofisa wa mambo ya kale. Anayependa nakshi zile nyumbani kwake, Mtwara kuna wachongaji, na vipande vya mninga na mkongo vinavyobaki kwenye karakana za maseremala vinatosha kuchonga fremu mpya.