Redio ikimeza "ha", hakuna inakuwa kuna

Bonyeza kitufe cha redio koli, hapohapo sema "hakuna mtu ndani", alafu muulize aliye upande wa pili kasikia nini. Mara nyingi atakwambia kasikia "kuna mtu ndani". Nimefanya hili zoezi na makundi ya vijana wa kujitolea miaka mingi sasa na kila likitokea darasa zima linanyamaza, maana kila mmoja anapiga hesabu kichwani, ingekuwa jengo limeanguka kweli, ingekuwa usiku, ningemrudisha nani ndani kumtafuta mtu ambaye hayupo.

Watu wakisikia weledi kwenye mawasiliano ya redio wakati wa maafa wanafikiria sare, redio za bei mbaya na kujua kusema "ova" (nimemaliza, zamu yako) na "roja" (nimepokea). Mi nawaambia hapana. Weledi ni kujua kwamba ujumbe ni ule uliofika, ule uliotuma hauna maana yoyote kama umefika mwingine.

Sasa kwa nini ile "ha" inapotea. Redio ukiibonyeza haianzi kurusha sauti papo hapo, inatoka kwanza kwenye kusikiliza inahamia kwenye kurusha, na kama mnapitia ripita, ule mtambo unaopokea sauti na kuirusha tena mbali, iliyofungwa juu ya mlima, basi ripita nayo lazima iisikie ile toni maalumu inayoitambulisha redio yako, ijiridhishe kwamba wewe ni wa mtandao wake, iamke, ianze kurusha, na redio ya mwenzako nayo ifungue spika. Jumlisha yote hayo unaweza kupoteza nusu sekunde, kuna wakati inazidi. Na nusu sekunde kwa mtu mwenye presha ni silabi mbili mpaka tatu.

Kwa lugha yetu hata silabi moja ndo kila kitu. Kiswahili kimeweka kukataa kwake kwenye mlango wa neno. Hakuna, kuna. Hapana njia, pana njia. Haipitiki, ipitiki, na aliye upande wa pili kwenye mvua na mngurumo wa injini anaiweka sawa mwenyewe kichwani inakuwa "inapitika". Msivuke ikikatwa inabaki "vuke", na dereva aliyekuwa anasubiri ruhusa atasikia ruhusa. Vitabu vingi vya mafunzo ya redio tunavyotumia vimeandikwa kwa lugha za wenzetu, hili hawalijui na hawana sababu ya kulijua, kwa hiyo ni kazi yetu sisi kulisema.

Nililiona kwa macho Aprili 2024, wakati wa yale mafuriko ya bonde la Rufiji. Tulikuwa na gari mbili, Land Cruiser moja imebeba mahema na dawa za kutibu maji, na kulikuwa na sehemu maji yamekata barabara. Kijana wetu mmoja alitangulia na fimbo kupima, akakuta katikati tuta limeliwa na maji, akashika redio akasema kwa haraka kama mtu yeyote ambavyo angesema, "Msivuke, kuna shimo katikati." Mi nilikuwa gari la nyuma na redio yangu iliniletea "...vuke, kuna shimo..." alafu mkwaruzo. Dereva wa mbele akajibu "Nimekusoma" akaweka gia. Alielewa kwamba avuke ila ajihadhari na shimo, na ukiitazama ile sentensi iliyofika huwezi kumlaumu, inaeleweka vizuri kabisa. Gari liliinama upande wa kushoto maji yakafika kwenye boneti, wakapanda juu ya keria dereva na vijana wawili, wakakaa pale kama dakika arobaini mpaka mtumbwi wa wavuvi ukafika. Walitoka salama wote. Dawa zote zilikwenda na maji, na kijiji tulichokuwa tunakwenda kilikaa siku nyingine mbili wanachota maji ya mto.

Baada ya pale nikakumbuka kitu ambacho wenzetu wa ndege walijifunza kwa gharama kubwa mno.

Tarehe 27 Machi 1977, uwanja wa Los Rodeos kisiwa cha Tenerife, Uhispania. Bomu lilikuwa limelipuka uwanja wa kisiwa cha jirani, Gran Canaria, ndege nyingi zikaelekezwa pale Los Rodeos ambapo ni uwanja mdogo, ukungu ukashuka, mnara wa kuongozea ndege hauoni ndege na ndege hazionani. Boeing 747 ya KLM, shirika la Uholanzi, imeshafika mwisho wa barabara ya kurukia, na Boeing 747 nyingine, ya Pan Am ya Marekani, bado inatembea kwenye barabara hiyohiyo. Mnara ukawapa KLM maelekezo ya njia watakayofuata wakishakuwa hewani, na ndani ya maelekezo yale lilikuwepo neno "kuruka", ati baada ya kuruka kata kulia. Ilikuwa ni maelezo ya njia tu, ruhusa ya kuruka ilikuwa bado. Rubani msaidizi wa KLM akarudia maelekezo alafu akamalizia na maneno yanayoweza kumaanisha tupo tayari kuruka au tunaruka sasa hivi. Muongozaji akajibu "okei", akanyamaza kidogo, akaendelea kuwaambia wasubiri atawaita. Sekunde ileile Pan Am nao wakabonyeza kusema bado wapo barabarani. Sauti mbili zikagongana, na kule ndani ya KLM kilichosikika vizuri ni ile "okei" na baada yake mlio kama filimbi. Watu 583 walikufa, ndo ajali iliyoua watu wengi zaidi kwenye historia ya usafiri wa ndege.

Sababu zilikuwa nyingi ila kuna kanuni moja iliyotoka pale ambayo naiheshimu sana: kwenye redio neno la kuruka linatumika tu pale ruhusa ya kuruka inapotolewa au inapofutwa. Ukiwa unaongelea mambo mengine yote unatumia neno lingine, kuondoka. Yani kitendo cha hatari kimefungiwa neno lake, halitajwi ovyo.

Ndo nikaichukua kanuni hiyo nikaivalisha kanzu. Kwetu inasema hivi, unapokataza kitu usikitaje kile kitu. Hutaki wavuke, neno vuka lisitoke mdomoni mwako kabisa, sema "Simama. Simama. Daraja limekatika, baki ulipo." Hata redio ikila silabi ya kwanza ya "simama" inabaki "mama", mtu atauliza, ila hawezi kuingia mtoni kwa sababu ya "mama". Hutaki wawashe umeme, sema "Umeme ubaki umezimwa." Nyumba haina mtu, sema "Nyumba tupu", au "Watu ndani, sifuri." Mwanzoni vijana wanaona kama lugha ya kigeni, wiki mbili tu wanazoea mpaka wanaongea hivo nyumbani.

Na kabla ya yote, bonyeza, vuta pumzi, ndo uongee. Ile pumzi moja inaipa ripita muda wa kuamka na inakushusha wewe mwenyewe presha. Mtu anayepiga kelele kwenye redio anadhani anasikika zaidi, kumbe kipaza sauti kinazidiwa na sauti inafika imepasuka, maneno hayashikiki. Weka redio umbali wa vidole vitatu au vinne, ongea kama unavyoongea na mtu mliyekaa naye meza moja.

Kuna kitu kingine kuhusu ile filimbi ya Tenerife. Redio za ndege zinatumia mfumo wa AM, sauti mbili zikigongana angalau kuna mlio unaokushtua. Hizi zetu za mkononi ni FM, na kwenye FM sauti yenye nguvu inaimeza dhaifu kimyakimya, unamsikia mmoja safi kabisa na hujui hata kama kulikuwa na wa pili. Yule wa pili yupo bondeni, betri imebaki kidogo, ana majeruhi, na yeye anaamini kasikika. Kwa hiyo wewe uliyekaa kontroo, pale mawasiliano yanapoongozwa, baada ya kila mzungumzaji acha ukimya wa sekunde chache. Usiujaze. Ule ukimya ni mlango wa mtu dhaifu. Na ukitoa neno muhimu usikubali jibu la "roja" wala "nimekusoma", hilo limeshakuwa neno la kijiweni, mtu analisema hata hajasikia. Mwambie arudie alichosikia. Dereva wetu wa Rufiji angeambiwa arudie angesema "navuka, nakwepa shimo", na hapohapo watu watatu tungepiga kelele simama. Sekunde nne zingetosha.

Tarehe 11 Septemba 2001 kule New York hili la kuhakikisha kilichofika liliuma kwa namna nyingine. Baada ya shambulio la bomu la 1993 pale World Trade Center, yale majengo mawili marefu pacha, iliwekwa ripita maalumu ili redio za zimamoto zifike ghorofa za juu. Asubuhi ile wakaijaribu kwenye ukumbi wa chini wa jengo la kaskazini. Tume iliyochunguza shambulio la 2001 ilieleza baadaye kwamba kulikuwa na vitufe viwili, kimoja cha kuwasha ripita na kingine cha kuwasha mkono mkuu wa kuongelea, na hiki cha pili hakikubonyezwa. Mkuu aliyejaribu hakusikia kitu, wakaamua haifanyi kazi, wakaiacha, wakatumia chaneli za kawaida. Na ile ripita ilikuwa hai, kwenye jengo la kusini waliitumia. Saa 3:59 asubuhi jengo la kusini likaanguka, amri ya kutoka ikatolewa kwa walio jengo la kaskazini, baadhi wakaisikia na baadhi haikuwafikia, wengine chaneli ilikuwa imejaa, wengine walikuja wakiwa nje ya zamu na hawakuwa na redio kabisa. Dakika 29 baadaye na la kaskazini likashuka. Wazimamoto 343 walikufa siku ile. Kwa hiyo ripita yenu iliyopo pale kituoni, nani anajua vitufe vyake, na anajua saa nane usiku bila taa? Hilo ni swali la kweli, naomba mlipeleke kwenye kikao chenu cha wiki hii.

Namba nitapita haraka. Nne na nane kwenye mkwaruzo ni ndugu mapacha, majeruhi wanane wanakuwa wanne na gari la wagonjwa linakwenda pungufu. Vijana wengi wanasema "foo" na "eiti" za Kiingereza, sina ugomvi nao, bora mkubaliane mapema na anayepokea arudie. Saa ndo hatari zaidi mkifanya kazi na wageni, rubani wa helikopta akiambiwa saa mbili ana yake na wewe una yako, tofauti masaa sita. Kwenye redio soma saa kwa tarakimu nne, sifuri nane sifuri sifuri, imeisha.

Sasa kuna jambo la mwisho ambalo huwa linanipa shida kulisema darasani. Nimesema ujumbe ni ule uliofika. Lakini redio haichagui inamfikia nani.

Desemba 2011, mafuriko ya Dar es Salaam, nilikuwa bado kijana nasaidia kwenye shule moja iliyogeuzwa kambi. Darasani kuna akina mama na watoto, mikeka imelowa, mwenzetu mmoja kasimama mlangoni na redio kiunoni sauti imefunguliwa mpaka mwisho ili asikose wito. Redio ikaita, sauti tulivu kabisa, fasaha, kila neno linasikika, wameopoa mwili wa mtoto wa kike, umri kama miaka mitano, kavaa gauni la njano lenye kola nyeupe. Kwa kanuni zote nilizoandika hapo juu ule ulikuwa ujumbe mzuri. Mama mmoja benchi la pili aliinuka. Hakupiga kelele, alisema tu, kola niliishona mimi.

Nguo, jina, sura, alama ya mwili, vitu hivyo havipiti kwenye chaneli ya wazi. Unasema "nina taarifa ya faragha", mnahamia chaneli nyingine mliyokubaliana au mnapigiana simu kama mtandao upo, na aliye karibu na familia anatoka nje kwanza ndo anajibu yupo tayari kupokea. Ndugu wanaambiwa na mtu, uso kwa uso, amekaa nao.

Toka siku ile simkabidhi mtu redio kabla sijamkabidhi spika ya sikioni. Nasubiri aichomeke, aiweke sikioni, nabonyeza ya kwangu nasema jina lake kwa sauti ya chini, na chumba kikibaki kimya yeye peke yake akageuka, ndo namwachia.