Tabora hadi Kigoma kwa gari la kulala: uzito, jua na mbung'o

Mteja akiniletea Land Cruiser nimtengenezee kitanda na jiko ndani, huanza kwa kuuliza habari za godoro. Mimi namuuliza maji atayabeba wapi. Lita moja ya maji ni kilo moja, haina ujanja. Madumu matatu ya lita 20 ni kilo 60, na ukiyapandisha kwenye keria ya juu, kona ya kawaida inageuka kona ya kuombea dua. Maji kwangu hukaa chini, katikati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Kama ni tanki moja kubwa naliwekea vizuizi ndani, maana tanki lililojaa nusu ni abiria asiyetulia kitini: ukishika breki anakuja mbele, ukikata kona anahamia upande. Mtungi wa gesi unafungwa koki kabla ya kuwasha injini. Hilo sijadiliani na mtu.

Kwa kulijaribu gari jipya huwa nawaambia waende Kigoma kwa siku moja, wakati wa kiangazi. Ni zaidi ya kilomita 400, na sehemu kubwa sasa ni lami. Huku kwetu hakuna jangwa, lakini ikifika Agosti miombo imepukutisha majani, vijito vimebaki mchanga mtupu na vumbi limeingia hadi kwenye unga wa ugali. Ukitaka kupumzika, usiegeshe juu ya nyasi kavu. Bomba la moshi likiwa la moto linaweza kuziwasha, na moto wa porini haungoji ushuke na ndoo.

Ondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kukipambazuka. Njia inaelekea magharibi, kwa hiyo asubuhi jua liko mgongoni. Alasiri linakuja usoni. Kigoma jua huzama kama dakika 40 baada ya Dar es Salaam, na hapo ndipo wageni kutoka pwani wanapojidanganya. Wanaona bado mapema, wanachelewa njiani, halafu saa kumi na moja jioni jua linawachoma machoni, kioo kimejaa vumbi, na mbele kuna mtu kwenye baiskeli na magunia mawili ya mkaa. Lenga kuwa umeipita Uvinza ifikapo saa nane mchana.

Kuleni Urambo au Kaliua, msisubiri porini. Chai, chapati, na mfuko wa matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, kwa ajili ya njiani vinatosha kabisa. Mbele ya Kaliua msitu unashika, na humo kuna mbung'o. Mdudu huyu hufuata kitu kinachotembea, hivyo gari lako kwake ni nyati mkubwa tu, na anauma kupitia shati. Rangi ya bluu na nyeusi ndizo zinazomvuta zaidi. Hata mitego ya kumnasa hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Kwa hiyo turubai la bluu, lile la bei rahisi ambalo kila mtu analo, silifungi kwenye gari la mteja. Khaki au kijivu. Vioo vipandishwe, feni iwashwe, mvumilie joto. Usiku mbung'o hulala, ila mchana hana huruma, na wengine hubeba ugonjwa wa malale.

Mto Malagarasi mtauvuka kwa Daraja la Kikwete, lililozinduliwa mwaka 2015. Uvinza ni mji wa chumvi: maji ya chumvi hutoka ardhini na watu wameyachemsha kwa karne nyingi. Nunueni, lakini gunia likae ndani ya beseni la plastiki. Chumvi ikipata unyevu huchuruzika, na chesisi ikianza kuliwa na kutu hamtajua hadi siku mtakapoinua kapeti.

Baada ya Uvinza vinaanza vilima, na hapa ndipo gari zito linapoumbuka. Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Tanganyika kama 770. Tofauti hiyo haishuki polepole. Unapanda, unashuka, unapanda tena, na kila mteremko unadai breki. Shuka kwa gia ileile ambayo ungepandia, injini ndiyo ilishikilie gari. Anayeshuka huku amekanyaga breki muda wote anapika mafuta ya breki. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewani, na yakikaa muda mrefu bila kubadilishwa yanakuwa na maji ndani. Yakipata moto maji yanageuka mvuke, mvuke unabonyea, pedali inazama hadi sakafuni na gari halisimami. Ndiyo maana kabla ya safari hii nayamwaga yote na kuweka mapya, hata mteja akinung'unikia gharama.

Mkifika Kigoma, kabla ya kukimbilia mgebuka wa kuchoma, samaki wa ziwani, pitisheni kiganja karibu na kila ringi bila kuigusa. Joto linalolingana pande zote ni la kawaida. Ringi moja ikiwa inaunguza kuliko wenzake, breki ya gurudumu hilo haiachii, na fundi aifungue kabla hamjaanza kuupanda tena mlima.