Kivuli cha Dunia sicho kinachopunguza mwezi

Hapa Goma, wengi huamini kwamba mwezi hupungua kwa sababu kivuli cha Dunia huufunika kidogo kidogo. Dhana hiyo inaeleweka, kwa kuwa kivuli hicho huufikia mwezi kwelikweli wakati wa kupatwa. Lakini kupatwa kwa mwezi hutokea ukiwa mpevu tu, na huisha kwa saa chache.

Mwezi ni tufe, na nusu yake inayoelekea jua huangazwa na jua. Unapoizunguka Dunia, sisi huiona nusu hiyo kutoka pembe tofauti, mara nzima, mara ukingo mwembamba, na sura hizo hujirudia kila baada ya siku 29.5 hivi.

Kuthibitisha jambo hili hakuhitaji darubini. Siku kama saba baada ya mwezi kuandama, yapata saa kumi za alasiri, simama mahali peupe, hata ufukweni mwa Ziwa Kivu: jua litakuwa magharibi, upande wa milima ya Masisi, na mwezi juu mashariki. Kivuli cha Dunia daima huelekea kinyume cha jua, kwa hiyo saa hiyo kiko chini ya upeo wa macho, mahali ambapo hakiwezi kabisa kuugusa mwezi unaouona. Kisha nyoosha mkono, uliinue chungwa kwenye jua kando ya mwezi. Sehemu yake iliyoangazwa itafanana na ya mwezi, na jaribio hilo linafaa sana kufanywa pamoja na watoto.