Nani Ameuza Nini: Kuhariri Insha ya Biashara ya Kimataifa

Mwanafunzi wa uchumi hapa Mwanza anapoandika insha kuhusu biashara ya kimataifa, mada yake iko karibu kuliko anavyodhani, kwani asubuhi moja katika soko la Mwaloni, Kirumba, ambako dagaa wakavu hununuliwa kwa ajili ya Kongo, Rwanda na Burundi, ingempa mifano ya kutosha. Lakini kwa kuwa somo hilo hufundishwa kwa Kiingereza kuanzia sekondari, anapotakiwa kuliandika kwa Kiswahili hutoa sentensi za aina hii: "Biashara ya samaki imekuwa ikifanyika na kuleta faida ambayo imechangia ukuaji kutokana na mauzo kufanyika nje."

Kasoro ya sentensi hiyo ni kwamba hakuna anayefanya jambo lolote ndani yake. Ukimwuliza mwandishi nani aliuza nini, na kwa nani, majibu anayo, ila hakuyaandika. Akiyaandika, tunapata: "Viwanda vya Mwanza hununua sangara, hutoa minofu na kuiuza Ulaya, na malipo yake huingiza fedha za kigeni nchini."

Hapo ndipo upatanisho wa kisarufi unapodai haki yake, maana vitu vinavyotoka kwa samaki mmoja haviko katika ngeli moja: sangara wanavuliwa, minofu inagandishwa, mabondo, yaani vibofu vya hewa vya samaki, yanakaushwa. Anayeandika "minofu na mabondo ambazo zinauzwa" ameongozwa na neno bidhaa lililobaki kichwani mwake. Alitaje, "minofu na mabondo, bidhaa zinazouzwa nje", na sentensi itanyooka.

Neno linalotusumbua zaidi wahariri ni faida. Mwanauchumi wa Uingereza David Ricardo, katika mfano wake wa mwaka 1817, alisema Ureno ilihitaji watu 80 kwa mwaka mmoja kutengeneza mvinyo na 90 kutengeneza nguo, ilhali Uingereza ilihitaji 120 kwa mvinyo na 100 kwa nguo. Mwanafunzi akiandika "Ureno ilikuwa na faida", msomaji ataelewa fedha inayobaki baada ya kutoa gharama, kama ile ya mchuuzi wa dagaa. Hoja ya Ricardo ni nyingine: Ureno iliizidi Uingereza katika bidhaa zote mbili, lakini iliizidi zaidi katika mvinyo, na kwa hiyo iliifaa kuuza mvinyo na kununua nguo. Tunashauri iandikwe "faida linganishi", na inapotajwa mara ya kwanza ifuatwe na sentensi moja ya maelezo.

Viambishi vya masharti navyo huchanganywa. Kuhusu mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu ya uvuvi wa sumu, tunasoma: "Kama baadhi ya wavuvi wasingetumia sumu, soko lisingalifungwa." Kiambishi kiwe kimoja pande zote mbili, na kwa jambo lililokwisha kupita tunapendekeza -ngali-: "Baadhi ya wavuvi wasingalitumia sumu, soko lisingalifungwa." Neno "kama" linaweza kuondoka, kwa sababu sharti tayari limo ndani ya kitenzi.