Si kila mbwa mwenye kichaa hutoa povu

Hapa Arua mtu akiumwa na mbwa, swali la kwanza huwa, "Alikuwa anatoa povu?" Wakisikia hapana, jeraha linafungwa kitambaa na habari inaishia hapo. Ndipo tunapokosea.

Kichaa cha mbwa kina sura mbili. Ile ya ukali, mbwa kukimbia ovyo na kung'ata hata mawe, ndiyo inayojulikana. Ya pili ni ya kupooza: mnyama anajificha uvunguni, taya limelegea, mate yanamchuruzika, kumeza hawezi. Mwenye mbwa hudhani mfupa umemkwama mnyama kooni, anamtia vidole mdomoni kuutafuta. Mate hayo yana virusi! Tena virusi huweza kuanza kutoka kwenye mate siku kadhaa kabla ya dalili yoyote, mbwa akiwa bado anatikisa mkia. Watoto wa mbwa hawajasalimika, wala paka (huyu tunamsahau kila mara).

Osha jeraha kwa maji na sabuni dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo ukaulizie chanjo. Mbwa wa kufugwa akionekana mzima, msimuue. Mfungeni siku 10 daktari wa mifugo amtazame. Kwa binadamu, dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona.