Eti injini ya kuvuta mbele haifungiki kwenye gari ya kusukuma nyuma?

Ukipiga stori kwenye magereji ya Arusha au Moshi utasikia kwamba injini ya gari inayovuta mbele haiwezi kufungwa kwenye gari inayosukuma nyuma, kwa sababu inazunguka kinyume. Hii imani haijatoka hewani, maana zipo Honda za zamani, mfano zenye injini za familia ya B-series, ambazo kweli zinazunguka kinyume na injini nyingi. Ila sio zote.

Chukua 4A-GZE ya Toyota, 1.6 yenye supachaja, iliyofungwa kwenye Corolla AE92 za kuvuta mbele. Ni ndugu wa damu na 4A-GE, injini ya Corolla AE86 inayosukuma nyuma, zinazunguka upande mmoja, na giaboksi ya T50 ya AE86 inakubali kwenye bloku yake. Shughuli sasa iko kwenye kuigeuza injini, maana kwenye AE92 inakaa kwa upana wa gari na huku lazima ikae kwa urefu: maunting (vishikio vya injini) zinabadilika, sampo (beseni la oili chini ya injini) lazima ipishe krosimemba (chuma kinachokatiza chini ya injini), na mabomba ya maji ya upande wa flaiwili (upande wa giaboksi) yanajikuta yanagusa ukuta wa dashibodi, hapo ndo hela inaishia, sio kwenye mzunguko.

Kuhakiki injini inazunguka upande gani ni rahisi tu. Soma kodi iliyogongwa kwenye bloku ujue ni injini gani, halafu toa plagi zote, mwenzako apige stata kidogo we ukiangalia puli ya krenki (shafti kuu ya injini) kwa mbele (mikono mbali na mkanda jamani), ikifuata mshale wa saa iko sawa na nyingi. Na kadi ya gari ina namba ya injini, kwahiyo ukibadilisha kairekebishe kabla hujataka kuuza.